Maua ya Nyuma ya Bafu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ua lisilotaka kuonekana halina kazi duniani. Niseme hivyo mwanzoni, msomaji asije akadhani nilizaliwa na huruma. Katika miaka yangu ya ualimu, pamoja na kufundisha hesabu, nilikuwa mwalimu wa mazingira, na mwalimu wa mazingira anajua ua ni nini. Ua linapandwa mbele ya ofisi, kwenye mstari, likazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Linamwagiliwa na wanafunzi waliochelewa kuhesabu namba asubuhi. Mgeni akishuka kwenye gari analiona kabla hajamwona mwalimu mkuu, na akishaliona anasema shule hii ina nidhamu. Hiyo ndiyo kazi ya ua, na lisiloifanya ni gugu.

Ua la mama halikuifanya kazi hiyo hata siku moja. Lilikaa nyuma ya nyumba yangu hapa Nangara, kati ya tangi la maji na shina la mparachichi, mahali ambapo jua halifiki isipokuwa vipande vidogo vinavyopenya majani saa za mchana. Hakuna mgeni aliyewahi kufika huko ila yule aliyetafuta choo. Mama alikuja nalo kutoka Mutuka mwaka ule baba alipofariki, nilipomchukua aje kuishi na mimi. Alishuka kwenye gari na kinu, mkeka, na kopo la rangi lenye mmea mmoja uliolegea, akaniuliza hata kabla hajamaliza kusalimiana na majirani, "Kwako kivuli kiko wapi?" Nikamwonyesha sebule. Nilidhani anakiulizia kwa ajili yake mwenyewe.

Alilitoa msituni, huko juu Kwaraa, enzi zake za kwenda kuokota kuni zilizoanguka. Jina la kikwao analo, mimi sikuwahi kulishika, na kwa Kiswahili sijasikia mtu akiliita zaidi ya ua la msituni. Nitaeleza lilivyo, maana hata kitu unachokidharau ni vizuri ukieleze kwa haki. Shina lake halina ugumu wowote. Ni maji matupu yaliyosimama, na ukiliinua kwenye mwanga linapitisha mwanga kama chupa chafu. Lina vifundo vilivyovimba, na kila kifundo kikigusa udongo mbichi kinatoa mizizi, kwa hiyo mmea ukianguka hauhangaiki kuinuka, unaanza maisha pale pale ulipoangukia. Majani yana meno madogo pembeni. Ua lenyewe ni la pinki iliyopauka, bapa, halinukii chochote, na kwa nyuma lina kimkia chembamba kilichopinda ambamo limeficha asali yake, tone moja. Hata asali linaificha. Kuifikia mpaka aje kipepeo mwenye mrija mrefu. Nilipolitazama nilisema moyoni kwamba hili ni ua lenye uchoyo.

Na lina deko. Jua likiligusa nusu saa tu linalegea lote, majani yanashuka, kichwa kinaning'inia, utadhani limepigwa. Kivuli kikirudi linasimama tena kana kwamba hakuna lililotokea. Mbele ya nyumba yangu nilikuwa na bogenvilia iliyokula vumbi la barabara miaka kumi, mbuzi wakaitafuna, bodaboda ikaigonga, nayo ikaendelea kutoa maua mekundu mpaka kiangazi chenyewe kikachoka. Lile niliweza kuliheshimu. Hili la mama nililiona kama wale watoto wa shule wanaozimia paredi kwa sababu hawakunywa chai.

Lilikuwa na sifa moja ya kuchekesha. Ua likishadondoka kinabaki kifuko cha mbegu, cha kijani, kinene katikati, kidogo kuliko punje ya haragwe. Kikikomaa, ukikibana kidogo tu kwa vidole kinapasuka, ganda lake linajikunja mara moja, na mbegu zinaruka mbali. Mama alipenda hilo kuliko kitu kingine chochote. Macho yake yalipoanza kuondoka, kwa presha ya macho ambayo hospitali walisema tumeichelewa, aliacha kuyatazama yale maua akawa anayashika. Msimu wa mvua, vifuko vikikomaa, nilimpeleka nyuma nimemshika mkono, akakaa kwenye kigoda na kupapasa mashina kutoka chini kwenda juu mpaka akute kifuko. Kilipopasuka alicheka. Mama si mtu wa kucheka. Kuona hakuoni, kutembea kwa shida, redio inamchosha, watu wanamchosha zaidi. Asubuhi hizo chache ndizo zilizokuwa zimebaki za kwake katika mwaka mzima, na mimi niliziona ni usumbufu, kwa kuwa nilikuwa na shughuli zangu.

Sasa nije kwenye jumuiya. Jumuiya yetu ya sala inazunguka nyumba kwa nyumba, na mwaka wa habari hii zamu yangu iliangukia mwezi wa tatu, Jumamosi asubuhi. Sitaki kusema vibaya watu wanaosali, lakini jumuiya naijua. Wanakuja na Biblia mkononi na macho kwenye kuta zako. Wiki iliyotangulia tulikuwa kwa jirani yangu wa mtaa wa juu, mama mmoja aliyeweka vitofali vya sakafuni mpaka mlango wa banda la kuku, na watu walisali pale wakikanyaga taratibu kana kwamba wako kanisani. Yule mama hajui kutofautisha zaburi na methali. Lakini vitofali anavyo, na alitutazama miguu tulipoingia.

Bogenvilia yangu ilikuwa imekatwa mwezi huo huo na mafundi wa umeme, ikabaki kigutu. Mbele ya nyumba palikuwa patupu. Nikawaza jumuiya inakuja kwa mwalimu wa mazingira na inakuta kigutu. Nikazunguka nyuma kutafuta cha kufanya, na huko nikayakuta maua ya mama yamechanua kuliko mwaka wowote, zulia zima la pinki chini ya mparachichi, hakuna wa kuyaona isipokuwa vyura. Nilikasirika. Nikaona ni upotevu wa mali.

Sikumwuliza mama. Kwa akili yangu nilikuwa nayapa heshima, na nani huomba ruhusa ya kumpa mtu heshima. Nilikuwa na matairi mawili ya lori aliyowahi kuniletea kaka yangu, na mengine mawili ya gari dogo. Nikayaburuta moja moja hadi mbele, nikayapaka chokaa, nikayapanga kwenye mstari kutoka getini mpaka kwenye kibaraza. Nikajaza udongo uliochanganywa na mbolea ya kuku, mbichi, ile inayowasha pua, kwa sababu nilitaka yapate nguvu. Kisha nikayang'oa maua yote. Nasema yote. Ningeweza kuacha hata shina moja kule nyuma, lakini tairi la nne lilikuwa limepungukiwa, na mstari usio sawa siuvumilii. Mama alikuwa ndani kitandani, mlango umefungwa, na redio imewashwa.

Jumamosi saa mbili asubuhi palipendeza. Nakiri hilo mpaka leo. Wanajumuiya walisimama getini, wakashangaa, yule mama wa vitofali akauliza nimeyanunua wapi. Nikamjibu kwamba vitu vingine havinunuliwi. Nilifurahi sana kulisema hilo neno. Tukaingia tukasali, zikasomwa nia za sala moja moja, na kwa kuwa jumuiya yetu ina watu wenye nia ndefu tulitoka saa tano jua likiwa limeiva. Matairi yote manne yalikuwa yamelala. Mzee mmoja, mtu aliyelima mahindi maisha yake yote na ambaye nilidhani anajua mimea, akasema, "Mwalimu, maua yako yana kiu."

Basi nikayamwagia maji. Saa tano na nusu, jua la utosi, ndoo mbili. Yalipozidi kulegea nikaongeza ndoo ya tatu. Kesho yake nikamwagia asubuhi, mchana na alasiri, na keshokutwa nikaongeza mbolea. Mimi niliyesomesha watoto wa watu kwamba mmea una mahitaji yake, niliona shina likigeuka rangi ya chai pale linapoingia kwenye udongo, na nikasema ni ukaidi. Niliyasema kwa sauti, nimesimama getini na jagi mkononi: mmepewa nafasi ya mbele, mmepewa chakula, mmepewa mwanga, mnataka nini tena? Bodaboda aliyekuwa anapita alipunguza mwendo. Siku ya sita hapakuwa na maua tena. Palikuwa na uteute mweusi ndani ya matairi manne meupe. Niliukusanya na koleo nikautupa kwenye shimo la migomba, nikafagia uwanja mpaka zikabaki alama za fagio tu, kama nilivyozoea kufundisha.

Huko nyuma, chini ya mparachichi, nilipafagia pia.

Asubuhi yake, nilipompelekea mama uji, akauliza, "Yanaendeleaje?"

"Yanaendelea vizuri, mama."

"Vifuko vimeanza?"

"Bado."

Akanywa uji wake. Nilikuwa nimemdanganya mama yangu aliyenizaa, kipofu, kwa sauti ile ile niliyomwambia kwamba uji una sukari. Kesho yake akauliza tena, nikajibu hivyo hivyo. Hilo liliendelea wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu akasema, "Mwaka huu yamechelewa," na alikuwa ameelekeza uso wake dirishani, upande wa mparachichi. Nikamwambia mvua zilikatika katikati. Akasema aliisikia mvua kwenye bati kila siku. Nilitoka na bakuli la uji halijaisha.

Nilianza kuyatafuta. Kwenye barabara kuu kuna muuza miche ambaye majani yote anayaita maua ya Ulaya, hata muarobaini. Nikamweleza: shina la maji, ua lenye mkia, kifuko kinachopasuka. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniletea shada la plastiki. "Haya, mama, hayanyauki," aliniambia, "hata ukisafiri." Nilimtazama mpaka akayarudisha kibandani. Lakini nikirudi nyumbani nilijiuliza, mama akipapasa plastiki ataijua kwa muda gani. Nilijiuliza hivyo kwa dhati. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika.

Siku nyingine nilipanda bodaboda mpaka ukingo wa msitu, nikatembea kidogo kwa magoti haya yangu mpaka nikafika penye ubaridi, na kwa mbali niliyaona, au nilidhani nimeyaona, madoa ya pinki kwenye giza chini ya miti mikubwa. Mlinzi akanizuia. Kijana wa watu, buti kubwa kuliko miguu yake.

"Una kibali, mama?"

"Nataka shina moja tu la ua. Ni la mama yangu, mgonjwa."

"Bila kibali hata jani halitoki, mama. Pole sana."

Nilimdharau vya kutosha, na nikamwambia kwamba mimi nimefundisha watu wenye vyeo kumzidi. Akasema, "Sawa mama, shikamoo," akabaki amesimama pale pale. Leo nikihesabu watu wote walioingia katika habari hii mpaka siku ile, naona yeye peke yake ndiye aliyeyatendea haki yale maua.

Nilirudi nikampigia simu kaka yangu. Kaka yangu ni dereva wa lori, mwezi mzima yuko njiani, na nilimpigia si kwa kutegemea msaada bali nipate wa kumlalamikia. Nikamweleza yote, isipokuwa sehemu ya matairi. Nikasikia injini inanguruma.

"Si yapo kule kwetu?" akasema. "Mke wangu anayo mengi tu, nyuma ya bafu."

Hapa lazima nimweleze wifi yangu, na nitajitahidi kutuliza kalamu. Kaka alimwoa kwa wafugaji, kwenye tambarare za Hanang, na kumleta mjini Nakwa. Tangu siku ya kwanza sikumpa hata alama ya kuvuka. Hakumaliza shule. Anaongea polepole, kama anayesubiri maneno yafike kutoka mbali. Lakini kilichonikera zaidi ni uwanja wake. Mwanamke yule hafagii. Anafagia mlangoni, hatua tatu, kisha fagio linaegemezwa ukutani. Majani ya mti yakianguka yanaachwa yalipo, juu yake yanaanguka mengine, ya chini yanaoza, kuku wanachakura, mpaka uwanja mzima unakuwa laini ukikanyaga. Mara ya kwanza nilipofika kwake nilichukua fagio nikafagia mwenyewe, mbele yake, mpaka ukutani. Alinitazama, akasema asante wifi. Niliporudi mwezi uliofuata majani yalikuwa pale pale. Nilihitimisha kwamba ni mvivu, na tangu hapo sikufika tena ila kwa msiba au ubatizo.

Kaka aliposema anayo maua ya mama, nilijua mara moja kwamba mkewe ameiba. Nilikumbuka kwamba alikuwa akija kumsalimia mama, kila mara mikono mitupu akija na mfuko akiondoka, na mimi nilidhani ni maparachichi. Hilo lilinipa nguvu ya kwenda. Kwenda kuomba ningeshindwa, lakini kwenda kudai mali iliyoibwa niliweza, na nilivaa hata kitenge kipya.

Nilimkuta anachambua mboga.

"Karibu wifi. Shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Mama anaendeleaje?"

"Yupo."

Akaniletea maziwa ya mgando, nikanywa kwa sababu kukataa kungechukua muda mrefu zaidi. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Nangara. Ilinitoka hivi: "Nimesikia una maua."

"Yapo," akasema, akainuka.

Nyuma ya bafu lao kuna mfereji mdogo wa maji ya kuogea unaoishia kwenye migomba, na juu yake mti mkubwa wenye majani mazito. Jua halina pa kupita. Majani yaliyooza yalijaa mpaka kwenye vifundo vya miguu yangu, viatu vizuri vikazama, na humo ndani ya uchafu wote ule ambao ningeufagia kwa siku moja, maua ya mama yalikuwa yamesimama. Sikuwahi kuyaona yamesimama vile hata kwangu. Yalifika gotini. Yalikuwa yameanguka, yakatoa mizizi, yakainuka tena, yakatambaa mpaka nyuma ya ukuta. Vifuko vilining'inia kila mahali, vimefura, na nguo yangu ilipogusa kimoja kilipasuka nikaruka. Wifi alitabasamu chini chini. Niliona.

"Uliyapata wapi haya?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ile ya ofisini.

"Nilipewa."

Nikasubiri aendelee, maana mwizi ukimpa muda hujieleza mwenyewe, lakini yeye alikuwa ameshachuchumaa. Alichagua mmea wenye vifuko vingi, akazungusha vidole kwenye udongo bila jembe, akauinua na donge lake zima, akauweka kwenye kidumu cha mafuta ya kula kilichokatwa. Akafunika mizizi kwa majani yale yale yaliyooza. Kisha akavua khanga ya begani akaufunika mmea wote, taratibu, kama anavyofunikwa mtoto anayetoka kliniki.

"Usipande bodaboda, wifi. Upepo utauchosha. Chukua bajaji, na ukae upande usio na jua."

"Najua."

"Na ukifika, ukikuta umelegea, usiumwagie maji. Uweke tu kivulini uusubiri. Watu wengi wanadhani ni kiu."

Uso wangu ulipata moto. Nilijua kwamba hajui habari za matairi, hakuna aliyemwambia, na bado ilikuwa kana kwamba amesimama getini siku ile akiniangalia na jagi langu. Kwa hasira nikamwuliza swali ambalo nimelijutia, nikalitoa kwa dharau yote niliyokuwa nimebakiza. Nikasema, "Huko kwenu kuna msitu gani wa kukufundisha wewe mambo haya?"

Alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Hakuna," akasema. "Nimekulia penye jua tupu, wifi. Kivuli nakijua."

Kwenye bajaji nilikipakata kidumu kutoka Nakwa mpaka Nangara, nimekaa upande usio na jua, nikitafuta jibu. Nilikuwa bado nina hakika kwamba ameiba. Nilifika saa nne, nikapita pembeni ya nyumba, nikayafukua majani kidogo yaliyokuwa yamerudi kuanguka chini ya mparachichi, nikaukita mmea pale, na kidumu nikakificha. Nikaangalia kama pale panaonekana pa kawaida. Kisha nikaenda kumchukua mama.

"Yamekomaa, mama."

"Yamekomaa?"

"Ndiyo. Njoo."

Alitembea kwa shida zaidi kuliko mwaka uliopita. Alikaa kwenye kigoda, akavuta pumzi, akanyoosha mkono. Nilimwongoza kiganja mpaka kwenye shina. Akapanda nalo taratibu, kifundo kwa kifundo, akapita jani, akapita ua bila kulijali, akakuta kifuko. Alikishika muda mrefu kabla ya kukibana. Kikapasuka. Akacheka, kile kicheko chake kifupi cha puani, nami machozi yakanitoka, kwa sababu nilidhani nimepona.

Akapasua cha pili na cha tatu. Akatafuta mmea wa pembeni, mkono ukapapasa hewa. Akatafuta upande wa pili. Palikuwa na mmea mmoja tu, na yeye aliyaacha zulia zima. Hilo sikuwa nimelifikiria. Akachota udongo kidogo akaunusa.

"Huu ni wa Nakwa," akasema.

Akaurudisha udongo chini ya mmea.

"Ya hapa yalikufa wiki ile ya jumuiya. Nilikusikia ukiburuta matairi."

"Mama, kwa nini hukuniita?"

"Ningekuita ungeniambia unayapa heshima."

Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nikakaa chini, kwenye majani, na kitenge changu kipya. Nikamwambia, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kushika, kwamba angalau wifi aliyaiba kwa bahati nzuri.

"Nani ameiba?" mama akauliza. "Nilimpa mimi. Mwaka juzi, macho yalipoanza kuingia giza. Nikamwambia ayachukue akayafiche, maana nikishindwa kuyaona, wewe utayapeleka barabarani."

Mwaka juzi. Miaka miwili kamili kabla sijagusa tairi hata moja, mama alikuwa ameshajua nitafanya nini, na alikuwa ameshatafuta wa kumwamini, na katika watoto wake na wake za watoto wake alimchagua yule ambaye mimi sikumpa alama ya kuvuka. Nilikaa pale nikimtazama akiendelea na kazi yake. Kila kifuko alichopasua sasa alikifunika kwa kiganja, mbegu zisiruke. Alizikusanya kwenye upindo wa khanga, vipunje vyeusi, vidogo sana.

"Nipe karatasi," akasema.

Nikaenda ndani, nikachana ukurasa kwenye daftari langu la zamani la maandalio ya somo. Akauchukua, akazimimina mbegu katikati, akakunja mara nne kwa vidole vyake, akabana kingo kwa kucha. Nilinyoosha mkono kuzipokea. Tayari nilikuwa nafikiria mahali pa kuzipanda, hapa hapa nyuma, kivulini, bila mawe, na nilitaka kumwambia hivyo.

Akaniwekea kikaratasi kiganjani.

"Mpelekee wifi yako," akasema. "Kesho, kabla jua halijapanda."